Historia ya Kuanguka kwa Wasimamizi wa Madirisha katika Eneokazi la Linux, 1984–2024: Mipaka ya Programu na Mbinu za Utatuzi

IKISIRI

Makala haya yanachunguza historia ya kuanguka kwa wasimamizi wa madirisha katika eneokazi la Linux, tangu kubuniwa kwa mfumo wa X mwaka 1984 hadi kutolewa kwa Plasma 6 mwaka 2024. Hoja kuu ni kwamba ukubwa wa hasara inayompata mtumiaji, pamoja na njia za kutafuta chanzo cha hitilafu, hautokani na ubora wa msimbo peke yake. Unatokana zaidi na mahali ulipochorwa mpaka baina ya programu moja na nyingine, na mahali inapotunzwa taarifa ya hali ya madirisha. Vipindi vitatu vinabainishwa: kipindi cha mgawanyo wa majukumu, kipindi cha muungano, na kipindi cha kutenganisha upya. Makala yanahitimisha kwamba kila kipindi kilizalisha mbinu zake za utatuzi, na kwamba mbinu ya kipindi kimoja hupotosha ikihamishiwa katika kingine bila kuhakikiwa.

1.0 UTANGULIZI

Kuanguka kwa msimamizi wa madirisha ni tukio lenye jina moja na sura mbili. Katika sura ya kwanza, pau za vichwa hutoweka juu ya madirisha, madirisha hayasogezeki, na herufi zinazopigwa kwenye kibodi hazifiki pale mtumiaji anapobofya. Hata hivyo, barua aliyokuwa akiiandika bado ipo kwenye skrini, na baada ya muda mfupi mambo yanaweza kurejea kama yalivyokuwa. Katika sura ya pili, skrini huwa nyeusi kwa muda, kisha ukurasa wa kuingilia hutokea ukidai nywila, na chochote ambacho hakikuwa kimehifadhiwa kimepotea. Hitilafu iliyosababisha matukio haya mawili inaweza kuwa ileile, kwa mfano programu kusoma sehemu ya kumbukumbu ambayo ilikwisha kuiachilia. Swali la kihistoria ni kwa nini kosa la aina moja huzaa matokeo yanayotofautiana kiasi hicho.

Jibu linalotolewa mara kwa mara ni la ubora: kwamba programu za zamani ziliandikwa kwa uangalifu zaidi, au kwamba programu mpya hazijakomaa. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu haliwezi kueleza ni kwa namna gani msimamizi mmoja wa madirisha, wa toleo lilelile na katika kompyuta ileile, anaweza kuanguka bila madhara makubwa chini ya mfumo mmoja na kuangusha kikao kizima chini ya mfumo mwingine. Makala haya yanapendekeza kwamba maelezo yatafutwe katika muundo, yaani katika maamuzi ya kihistoria kuhusu nani atafanya nini na nani atakumbuka nini.

Istilahi chache zinahitaji kufafanuliwa. Kuanguka, katika makala haya, ni hali ya programu kusitisha kazi ghafla bila kuagizwa na mtumiaji. Kukwama ni hali ya programu kuendelea kuwapo bila kuitikia. Seva ni programu inayomiliki skrini, kibodi na kipanya, na kuzigawia programu nyingine nafasi ya kuvitumia. Programu mteja ni ile inayoomba nafasi hiyo. Msimamizi wa madirisha ni programu inayoamua dirisha likae wapi, liwe na ukubwa gani, lipi liwe juu ya jingine na lipi lipokee herufi za kibodi. Kompozita ni programu inayokusanya picha za madirisha yote na kuziunganisha kuwa picha moja ya skrini. Kikao ni muda wote tangu mtumiaji anapoingia katika kompyuta hadi anapotoka, pamoja na programu zote alizozifungua ndani ya muda huo.

2.0 KIPINDI CHA MGAWANYO, 1984–1994

Mfumo wa X ulitangazwa na Robert Scheifler wa Massachusetts Institute of Technology mwezi Juni 1984. Ulichipuka kutoka mfumo wa W wa Chuo Kikuu cha Stanford, na ulikua ndani ya mazingira ya Project Athena, mradi uliohitaji kompyuta za watengenezaji mbalimbali zitumike pamoja katika chuo kimoja. Mahitaji hayo yaliwaelekeza Scheifler, Jim Gettys na wenzao kwenye kanuni iliyokuja kuutambulisha mfumo huo: seva itoe nyenzo za kuchora na kupokea ishara, lakini isiamue sera ya namna madirisha yatakavyopangwa. Sera iliachiwa programu mteja ya kawaida, ndiyo msimamizi wa madirisha.

Uamuzi huo haukuwa wa lazima. Katika Macintosh iliyotoka mwaka huohuo wa 1984, taratibu za kusimamia madirisha ziliwekwa ndani ya kumbukumbu ya kudumu ya mashine na kutumiwa moja kwa moja na programu, bila ukuta wa kuzitenganisha. Katika mradi wa Andrew wa Carnegie Mellon University, upangaji wa madirisha uliunganishwa na programu iliyomiliki skrini. Kwa hiyo, mgawanyo wa X ulikuwa chaguo moja miongoni mwa kadhaa, na uwezo wake wa kuhimili mwanguko ulitokana na chaguo hilo.

Toleo la 11, lililotolewa Septemba 1987, liliweka kanuni mahususi zinazohusu kifo cha msimamizi. Ya kwanza ni kwamba programu mteja moja tu, kwa wakati mmoja, inaweza kuomba kuelekezewa maombi ya kuonyesha au kubadili ukubwa wa madirisha yaliyo chini ya dirisha la mzizi. Programu ya pili ikiomba nafasi hiyo, seva huikatalia kwa kosa liitwalo BadAccess. Ya pili ni kwamba msimamizi anaruhusiwa kulichukua dirisha la programu nyingine na kuliweka ndani ya fremu yake, yenye upau wa kichwa na vitufe.

Kanuni hii ya pili ilizua hatari. Iwapo msimamizi angeanguka, seva ingefuta madirisha yote aliyoyaunda, zikiwemo fremu, na madirisha ya watu wengine yaliyomo ndani ya fremu hizo yangeangamia pamoja nazo. Ndiyo sababu itifaki iliweka kanuni ya tatu, ambayo makala haya yanaiita orodha ya uokozi. Msimamizi huisajilisha kwa seva orodha ya madirisha yasiyo yake. Muunganisho wake unapokatika, seva huyatoa madirisha hayo ndani ya fremu kabla ya kuzifuta, huyarudisha chini ya dirisha la mzizi, na huyaonyesha tena hata yale yaliyokuwa yamefichwa. Wabunifu wa X walichukulia kwamba msimamizi ataanguka siku moja, wakaandika wosia wake mapema na kumkabidhi seva autekeleze.

Nguzo nyingine ilikuwa utunzaji wa taarifa. Mwongozo wa mawasiliano baina ya programu, ulioandaliwa na David Rosenthal mwishoni mwa miaka ya 1980, ulielekeza kwamba jina la dirisha, ukubwa unaopendelewa na hali ya dirisha viandikwe kama sifa zilizobandikwa kwenye dirisha lenyewe ndani ya seva. Toleo la 2.0 la mwongozo huo, la mwaka 1994, liliongeza utaratibu wa kupokezana madaraka: msimamizi anayeingia hudai umiliki wa alama maalumu, na anayetoka hutambua kwamba zamu yake imekwisha. Kwa msingi huo, wasimamizi kama Metacity na KWin waliweza baadaye kuanzishwa kwa chaguo la --replace na kuchukua nafasi ya mwingine huku kazi ikiendelea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, viwango vya ziada vya eneokazi huria viliongeza sifa nyingine, ikiwemo namba ya eneokazi ambalo dirisha limo. Msimamizi mpya aliposoma sifa hizo, alijua sehemu kubwa ya yale aliyoyajua marehemu.

3.0 VYANZO VYA MWANGUKO KATIKA MFUMO WA X

Ingawa muundo wa X ulipunguza hasara ya mwanguko, muundo huohuo ulikuwa chanzo cha miangukoyenyewe kwa njia moja muhimu. Mawasiliano ya X hayasubiri majibu. Programu hutuma maombi mengi kwa mkupuo, na kosa la ombi moja linaweza kurudi baada ya maombi mengine kadhaa kutumwa. Msimamizi hushughulikia madirisha yasiyo yake, ambayo wamiliki wake wanaweza kuyafunga wakati wowote. Hutokea basi kwamba msimamizi anaomba kulisogeza dirisha ambalo limekwisha kufungwa nukta chache kabla. Seva hujibu kwa kosa la BadWindow. Maktaba ya Xlib, isipoelekezwa vinginevyo, huchapisha ujumbe wa kosa hilo na kuisitisha programu.

Kwa programu ya kawaida, tabia hiyo ina mantiki, kwa kuwa programu inayokosea kuhusu madirisha yake yenyewe ina hitilafu. Kwa msimamizi, kosa hilo ni sehemu ya kazi ya kila siku. Ndiyo maana waandishi wa wasimamizi walilazimika mapema kuweka vishikaji vyao vya makosa, vinavyopuuza BadWindow katika mazingira yanayotarajiwa. Msimamizi ambaye mwandishi wake alisahau kulinda ombi moja tu aliweza kufanya kazi kwa miezi bila tatizo, kisha akaanguka siku ambayo programu fulani ilifunga dirisha lake kwa kasi isiyo ya kawaida. Hitilafu za namna hii zilikuwa ngumu kuzirudia kwa makusudi, na ripoti zake zilikuwa rahisi kupuuzwa.

Chanzo cha pili kilikuwa kukwama. X humruhusu mteja kuishikilia seva nzima kwa muda ili afanye mabadiliko bila kuingiliwa. Msimamizi akikwama katikati ya muda huo, kila dirisha husimama, ilhali mshale wa kipanya unaweza kuendelea kusogea kwa sababu husogezwa na seva. Mtumiaji asiyeujua muundo huu hudhani kwamba kompyuta nzima imekufa na hukimbilia kuizima, akipoteza kazi ambayo bado ilikuwa salama. Ukweli ni kwamba msimamizi akiuawa kutoka koni nyingine, muunganisho wake hukatika, seva huachiliwa, na madirisha huanza kuitikia tena.

4.0 UTATUZI KATIKA ENZI YA X

Linux ilipozaliwa mwaka 1991 na kupata seva ya XFree86 muda mfupi baadaye, ilirithi muundo huu pamoja na mbinu zake. Mwaka 1993 Robert Nation alitoa fvwm, iliyotokana na twm ya Tom LaStrange ya mwaka 1987. KDE ilianzishwa na Matthias Ettrich mwezi Oktoba 1996, na GNOME ikafuata mwezi Agosti 1997. Eneokazi hizi zilibadili sura ya skrini kwa kiwango kikubwa, lakini mpaka baina ya seva, msimamizi na programu ulibaki palepale.

Kutokana na mpaka huo, swali la kwanza la utatuzi lilikuwa: nani ameanguka? Dalili zilitosha kulijibu. Madirisha yakibaki bila pau za vichwa, aliyeanguka ni msimamizi. Dirisha moja likitoweka na mengine kubaki, iliyoanguka ni programu mteja. Kikao chote kikifungwa, iliyoanguka ni seva au programu inayoongoza kikao. Kila jibu lilielekeza kwenye ushahidi wake: ujumbe wa msimamizi na programu uliandikwa katika faili la .xsession-errors ndani ya saraka ya mtumiaji, ilhali ujumbe wa seva uliandikwa katika Xorg.0.log.

Swali la pili lilikuwa ni ombi gani lililosababisha kosa. Kwa kuwa makosa ya X huchelewa kurudi, orodha ya miito inayopatikana wakati wa mwanguko mara nyingi huonyesha mahali kosa lilipopokelewa, wala si mahali lilipotendwa. Mtafiti wa hitilafu aliyeiamini orodha hiyo alirekebisha sehemu isiyo na kosa. Tiba ilikuwa kuiendesha programu katika hali ya kusubiri jibu la kila ombi, ambayo programu nyingi ziliiruhusu kwa chaguo la --sync, kisha kuisimamisha ndani ya gdb mara tu kosa linapopokelewa. Hali hiyo ilipunguza kasi, na wakati mwingine ilizuia hitilafu isitokee kabisa kwa sababu ilibadili mpangilio wa matukio.

Swali la tatu lilikuwa wapi pa kuketi wakati wa uchunguzi. Mchunguzi aliyemsimamisha msimamizi kwa gdb kutoka dirisha la terminali lililo chini ya msimamizi huyohuyo alijifungia nje: alihitaji kibodi ili aandike amri, na huenda aliyepaswa kumpa kibodi ndiye aliyesimamishwa. Kwa hiyo ilizoeleka kufanya kazi hiyo kutoka koni ya maandishi, kutoka kompyuta nyingine kupitia mtandao, au ndani ya seva iliyowekwa kama dirisha, kama vile Xnest na Xephyr.

Baadhi ya wasimamizi waliugeuza ustahimilivu wa X kuwa huduma ya wazi. Msimamizi i3, aliyeanza mwaka 2009, anapopata ishara ya mwanguko huonyesha kisanduku kinachompa mtumiaji nafasi ya kuandaa taarifa ya hitilafu, kuanzisha upya huku akibakiza mpangilio wa madirisha, au kuanzisha upya na kuusahau mpangilio huo. Chaguo la tatu lina umuhimu wake, kwa kuwa iwapo mpangilio wenyewe ndio uliosababisha mwanguko, kuurejesha ni kuualika mwanguko mwingine.

Pamoja na hayo, kipindi hiki hakipaswi kupambwa kupita kiasi. Mgawanyo ulikuwa na gharama zake. Programu inayofunga skrini kwa nywila, chini ya X, ni mteja wa kawaida. Ikianguka, skrini hufunguka na kilichokuwa kimefichwa huonekana. Aidha, mteja yeyote anaweza kusoma herufi zinazoandikwa katika madirisha ya wengine. Uwazi uleule uliomwezesha msimamizi mpya kurithi kazi ya marehemu ulimwezesha pia mgeni mbaya kupeleleza. Kwa mtumiaji wa kawaida njia za kujiokoa zilianza pia kufichwa: katika Ubuntu 9.04 ya Aprili 2009, vitufe vya Ctrl, Alt na Backspace, vilivyotumika kwa miaka mingi kuiua seva iliyokwama, vilizimwa kwa chaguo-msingi ili visibonyezwe kwa bahati mbaya.

5.0 KIPINDI CHA MUUNGANO, 2004–2017

Mabadiliko yalianza na picha. Toleo la X11R6.8 la Septemba 2004, lililotolewa na X.Org Foundation iliyokuwa imeanzishwa mwaka huohuo, lilileta nyongeza ya Composite. Kwa nyongeza hiyo, madirisha hayachorwi tena moja kwa moja kwenye skrini. Huchorwa pembeni, kisha kompozita huyaunganisha. Compiz ya mwaka 2006 ilimfanya msimamizi na kompozita kuwa programu moja, na KWin ya KDE 4.0, Januari 2008, ikafuata njia hiyo. Kuanzia hapo msimamizi, ambaye awali alichora fremu tu, alichora skrini yote kwa kutumia viendeshi vya kadi ya michoro. Hitilafu ya kiendeshi, ambayo zamani ingemwangusha mchezaji wa mchezo wa kompyuta peke yake, sasa iliweza kumwangusha msimamizi. KWin ilijibu hatari hiyo kwa kuweka alama katika faili la mipangilio kabla ya kuanza kutumia OpenGL na kuiondoa baada ya kufanikiwa. Ikianguka katikati, huikuta alama hiyo inapoanza tena na huachana na njia iliyoiangusha.

Muungano wa pili ulikuwa wa maelezo ya eneokazi lenyewe. GNOME 3.0 ya Aprili 2011 iliweka paneli, menyu, arifa na usimamizi wa madirisha ndani ya mchakato mmoja wa GNOME Shell, uliojengwa juu ya Mutter. Viendelezi vya JavaScript vilivyoandikwa na watu wa nje viliendeshwa ndani ya mchakato huohuo. Kiendelezi kilichonasa katika mzunguko usiokwisha hakikujikwamisha chenyewe, kiliikwamisha skrini. Hata hivyo, chini ya X, mtumiaji aliweza kubonyeza Alt na F2, kuandika herufi r, na kuianzisha Shell upya bila kupoteza programu nyingine.

Muungano wa tatu ndio ulioondoa kinga hiyo. Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008 na kufikia toleo la 1.0 mwezi Oktoba 2012, ilifuta nafasi ya seva inayojitegemea. Hoja yake ilikuwa ya msingi: iwapo kompozita ndiye anayechora skrini yote na ndiye anayejua dirisha lipi liko wapi, seva iliyo katikati imebaki kuwa mpitishaji wa ujumbe tu. Kompozita alifanywa kuwa seva, msimamizi na mchoraji kwa pamoja. Faida zilionekana. Mteja mmoja hakuweza tena kusoma herufi za mwingine, na baadaye itifaki ya kufunga skrini iliweka sharti kwamba skrini ibaki imefungwa hata kama programu ya kufunga itaanguka. Gharama nayo ilikuwa dhahiri: kompozita akianguka, soketi hukatika, na programu zote zilizounganishwa kwake hufungwa kwa kuwa maktaba zake hazikuandaliwa kuishi bila seva. Wahenga husema figa moja haliinjiki chungu. Katika Wayland ya awali, mafiga matatu yalikuwa yamekuwa moja.

6.0 UAMUZI WA JANUARI 2018

Gharama hiyo ilipimwa hadharani. Fedora 25 ya Novemba 2016 ilikuwa imeifanya Wayland kuwa chaguo-msingi la eneokazi lake la GNOME, na Ubuntu 17.10 ya Oktoba 2017 ikafanya vivyo hivyo. Mwezi Januari 2018, Canonical ilitangaza kwamba Ubuntu 18.04, toleo la kuhudumiwa kwa muda mrefu, lingerudi kwenye Xorg kama chaguo-msingi. Sababu zilizotolewa zilikuwa tatu: kushirikisha skrini katika programu za mikutano, kuitumia kompyuta kutoka mbali, na uwezo wa kurejea hali ya kawaida baada ya GNOME Shell kuanguka.

Sababu ya tatu ina uzito wa pekee katika historia hii. Haikudaiwa kwamba GNOME Shell huanguka mara nyingi zaidi chini ya Wayland. Msimbo wa Shell ulikuwa uleule kwa sehemu kubwa. Kilichotofautiana ni nini kilibaki hai baada ya mwanguko. Kwa maneno mengine, mahali pa mpaka baina ya programu palihesabiwa kuwa sifa ya ubora, inayostahili kuamua usambazaji wa mfumo kwa watumiaji wengi ambao huenda hawakuwahi kusikia jina la Wayland. Tukio hili linathibitisha hoja ya makala haya kuliko ulinganisho wowote wa idadi ya hitilafu.

Uamuzi huo haukuwa wa kudumu. Ubuntu 21.04 ya Aprili 2021 iliirejesha Wayland, na Ubuntu 25.10 ya Oktoba 2025 iliondoa kabisa kikao cha GNOME cha Xorg. Njia ya kurudi nyuma iliyotumika mwaka 2018 haipo tena kwa mtumiaji wa eneokazi hilo.

7.0 USHAHIDI BAADA YA MWANGUKO

Muungano ulibadili pia mahali pa kutafuta ushahidi. Dalili za skrini, zilizotosha kumtambua aliyeanguka katika enzi ya X, zilipoteza thamani, kwa kuwa mwanguko wa kompozita na mwanguko wa kikao chote huonekana sawa. Pengo hilo lilizibwa na systemd, ambayo Debian 8 na Ubuntu 15.04 ziliipokea kama chaguo-msingi mwezi Aprili 2015. Jarida lake hukusanya ujumbe wa keneli, wa kompozita na wa huduma nyingine katika mfuatano mmoja wa muda. Amri ya journalctl -b -1 huonyesha yaliyojiri kabla ya kompyuta kuwashwa upya, na pale systemd-coredump ilipowekwa, coredumpctl huorodhesha nakala za kumbukumbu za michakato iliyoanguka.

Katika ushahidi huo, namba ya ishara iliyouua mchakato huchukua nafasi iliyokuwa ya dalili za skrini. Ishara ya 11 huashiria kwamba mchakato uligusa kumbukumbu isiyo yake. Ishara ya 6 huashiria kwamba programu ilijisitisha yenyewe baada ya kukuta hali ambayo mwandishi wake aliiona haiwezekani. Ishara ya 9 huashiria kwamba mchakato uliuawa kutoka nje, mara nyingine na keneli yenyewe kumbukumbu ilipokwisha. Hapo hakuna nakala inayobaki, na kumtafuta mkosaji ndani ya kompozita ni kupoteza muda. Iwapo kabla ya mwanguko keneli iliandika kwamba kadi ya michoro ilianzishwa upya, uchunguzi huelekezwa kwenye kiendeshi.

Hatua inayofuata ni kutenga. Viendelezi huzimwa vyote kwa pamoja kabla ya kurudishwa kimoja kimoja, na akaunti mpya ya mtumiaji hutumiwa kupambanua hitilafu ya msimbo na hitilafu ya mipangilio. Hatua hii ni ya lazima katika muundo wa muungano, kwa sababu jina la mchakato ulioanguka halimtambulishi tena mkosaji. Jarida litasema gnome-shell imeanguka iwe kosa ni la Shell, la kiendelezi au la kiendeshi. Mtumiaji anayeripoti hitilafu kwa kuegemea jina hilo pekee huwapelekea waandishi wa Shell mzigo usio wao, na hitilafu yenyewe hubaki.

8.0 KUTENGANISHA UPYA

Katika miaka ya karibuni, jamii ya KDE imeonyesha kwamba mpaka uliofutwa unaweza kuchorwa tena bila kurudi kwenye X. KWin ya Wayland huanzishwa na programu ndogo inayoshikilia soketi ya mawasiliano. KWin ikianguka, programu hiyo haianguki. Huianzisha KWin mpya na kuikabidhi soketi ileile. Upande wa pili, maktaba ya Qt ya kizazi cha 6 iliongezewa uwezo wa kujiunganisha upya badala ya kuifunga programu. Plasma 6.0 ilipotolewa Februari 2024, programu zilizojengwa kwa Qt hiyo ziliweza kuendelea kuishi baada ya kompozita kuanguka. Programu ambazo maktaba zake hazina uwezo huo bado hufungwa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba suluhisho hili linategemea sifa ya Wayland yenyewe. Chini ya Wayland, kila programu huchora picha zake na kuzihifadhi katika kumbukumbu yake, kisha humkabidhi kompozita. Kompozita mpya anapokuja, programu inaweza kumkabidhi picha hizo tena. Taarifa ambayo X iliiweka kwa seva sasa imegawanywa: yaliyomo ndani ya dirisha yapo kwa programu, ilhali nafasi ya dirisha kwenye skrini huijua kompozita. Kwa sababu hiyo, kinachookolewa kwanza ni kazi ya mtumiaji, na kinachoweza kupotea ni mpangilio wa madirisha. Mpangilio huo ukipotea, mtumiaji anaweza kuupanga tena kwa dakika chache. Maandishi ambayo hayakuhifadhiwa hayana mbadala.

9.0 HITIMISHO

Makala haya yameonesha kwamba historia ya kuanguka kwa wasimamizi wa madirisha ni historia ya mipaka. Mgawanyo wa mwaka 1987 ulimfanya msimamizi kuwa mfu anayerithiwa, kwa sababu seva ilitunza wosia wake na sifa za madirisha. Muungano ulioanza mwaka 2004 na kukamilika katika Wayland uliziba mianya ya usalama na kurahisisha uchoraji, lakini ulikusanya hatari zote katika mchakato mmoja. Kazi ya KDE inaonyesha kwamba usalama na ustahimilivu havipingani kwa asili. Vilionekana kupingana kwa sababu wabunifu wa Wayland hawakuandika tena wosia uliokuwapo katika X.

Kwa upande wa utatuzi, matokeo ya uchunguzi yana maana ya moja kwa moja. Ushauri wa kuanzisha msimamizi upya ni sahihi chini ya X na ni hatari chini ya Wayland isiyo na uwezo wa kurejea, kwani humpotezea mtumiaji kazi anayejaribu kuiokoa. Ushauri wa kusoma .xsession-errors unaweza kumpeleka mchunguzi kwenye faili lisilo na chochote. Kwa hiyo, miongozo ya utatuzi, ikiwemo inayoandaliwa kwa Kiswahili, inapaswa kuanza kwa kumtaka msomaji atambue aina ya kikao anachotumia, jambo linaloonekana katika thamani ya XDG_SESSION_TYPE, kabla ya kumwelekeza hatua nyingine yoyote. Eneo linalohitaji utafiti zaidi ni namna maktaba nyingine za programu, nje ya Qt, zinavyoweza kupewa uwezo wa kujiunganisha upya, ili usalama wa kazi ya mtumiaji usitegemee maktaba aliyoichagua mwandishi wa programu.